Maonyesho ya hai-fai hotelini: sikiliza chumba kwanza, mitambo baadaye

Maonyesho ya hai-fai, yaani mitambo ya kusikilizia muziki kwa ubora wa juu, yanayoandaliwa na wapenzi wenyewe ni tofauti kabisa na yale ya makampuni. Uingereza ina mfano unaojulikana sana: kwa miaka kadhaa wapenzi wa sauti walikuwa wakikutana Scalford Hall, hoteli iliyo karibu na mji wa Melton Mowbray, kila mmoja akifunga seti yake ya nyumbani kwenye chumba cha wageni. Anayekukaribisha mlangoni ndiye mwenye mali, si muuzaji. Hana bei ya kuitetea, na ukimuuliza kasoro ya spika zake atakwambia. Lakini seti hiyo ameizoesha sebule yake kwa miaka, na hapa amepata saa chache tu kuipanga katika chumba cha kulala. Ukisahau hilo utaondoka na hukumu mbaya juu ya mitambo mizuri.

Tuanze na besi, maana ndiyo inayoharibika kwanza. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Gawa namba hiyo kwa mara mbili ya urefu wa chumba, utapata mtetemo unaovuma zaidi humo, kwa hezi (mitetemo kwa sekunde). Chumba cha mita 4 huvuma karibu na hezi 43. Cha mita 5, karibu na hezi 34. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa hezi 41. Kwa hiyo katika chumba cha mita 4 noti hiyo moja itafura na kuzifunika nyingine, na msikilizaji atasema spika zina besi nzito, kumbe ni kuta. Tena mvumo huo haulingani kila mahali. Ukiegemea ukuta wa nyuma, besi ni nyingi mno. Ukikaa katikati kabisa ya chumba, noti ileile karibu inapotea.

Ndiyo maana usitoe hukumu ukiwa kwenye kiti cha kwanza ulichokipata. Viti vya hotelini hupangwa kwa safu, na safu ya mwisho hugusa ukuta. Sikiliza dakika moja ukiwa nyuma, kisha subiri kiti cha katikati kwenye safu ya mbele. Umbali kutoka kwako hadi kila spika ukaribiane na umbali kati ya spika zenyewe. Kama besi imebadilika sana ulipohama, tatizo ni la chumba. Kama imebaki nzito na yenye kuvuma kila ulipokaa, hapo una haki ya kuitilia shaka spika au jinsi ilivyowekwa. Wenyeji wenye uzoefu huacha magodoro chumbani au huyasimamisha kwenye pembe. Si uvivu, godoro nene hupunguza mwangwi wa sauti za kati na za juu, ingawa besi ya chini kabisa hulipita.

Nenda na muziki unaoujua mpaka pumzi za mwimbaji. Weka mafaili ya FLAC ya kawaida (muziki uliobanwa bila kupoteza ubora), biti 16 na kilohezi 44.1, kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, kwa sababu mashine nyingi hukataa fomati nyingine. Beba pia CD moja. Nyimbo nne zinatosha. Msomaji wa Kiswahili ana hazina hapa: ganuni ya taarabu. Kila uzi wake huanza kwa mshindo mkali na kufifia taratibu, na twita (spika ndogo ya sauti za juu) isiyo nzuri huugeuza mshindo huo kuwa kelele ya bati. Wimbo wa dansi ukupimie gitaa la besi: je, noti zinatambulika moja moja, au ni mngurumo tu?

Chukua na rekodi moja ya mono, yaani ile ambayo spika zote mbili hutoa sauti ileile. Nyingi za zamani za redio ziko hivyo. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Katika mono sauti ya mwimbaji lazima isimame katikati, mahali pamoja, kana kwamba kuna spika ya tatu. Ikiegemea upande mmoja, hukukaa katikati au ukuta wa upande huo uko karibu zaidi. Ikitawanyika chumba kizima na besi ikawa nyembamba, mwambie mwenyeji kwa upole aangalie nyaya: huenda chanya na hasi zimebadilishana kwenye spika moja. Hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani, hasa kwa seti zilizofungwa usiku.

Ukubwa wa sauti nao hudanganya. Mtambo ulioongezwa desibeli moja tu huonekana una uhai zaidi, na masikio hayatakwambia kwamba tofauti ni ukubwa wa sauti tu. Tumia programu ya kupima sauti kwenye simu. Haitakupa namba sahihi kabisa, lakini simu ileile inatosha kulinganisha chumba na chumba. Kiwango cha desibeli 75 hadi 80 kinafaa kwa kusikiliza kwa makini. Wataalamu wa afya kazini nchini Marekani wanapendekeza usizidi saa 8 kwa desibeli 85, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kwenye 94 imebaki saa moja. Baada ya vyumba vinne au vitano toka nje, ukae kimya robo saa.

Fika mapema, vyumba vikiwa na watu wachache. Miili na nguo hunywa sauti za juu, kwa hiyo chumba kilichojaa huwa kizito. Ila amplifaya za vali (zile za taa za kioo za zamani) zipe nusu saa zipate moto kwanza. Muziki ukinyamaza, sogea karibu na spika. Sauti hafifu ya 'sss' kwenye twita ni ya kawaida. Mguno mzito wa umeme si wa kawaida, na kama unasikika pale tu santuri inapochaguliwa, huenda waya wa ardhi wa mashine ya santuri haukuunganishwa.

Adabu ni fupi: ingia na utoke kati ya nyimbo, usiongee, na usiguse kitu, hasa koni (uso wa spika unaotetemeka) na sindano ya santuri.

Maswali ndiyo yanayokupa faida ya kweli. Uliza chumba cha nyumbani kina ukubwa gani, seti ilikuwa na nini kabla ya hapo, na kwa nini kilitolewa. Uliza wati za amplifaya na unyeti wa spika, yaani sauti inayotoa kwa wati moja. Mfano mzuri ni LS3/5A, kispika kilichobuniwa na BBC miaka ya 1970 kwa kazi za studio katika nafasi finyu. Unyeti wake ni kama desibeli 83 kwa wati moja, umbali wa mita moja. Ukiifunga kwenye amplifaya ya vali ya wati 8 utafika kama 92 kwa umbali huohuo, na pungufu zaidi ukikaa mbali. Kwa sauti ya mwimbaji mmoja usiku ni tamu sana. Kwa dansi la sebule iliyojaa watu haitoshi, hata ikisifiwa namna gani.

Kwenye meza za mitumba kuwa na jicho. Vali yenye doa la fedha juu ni nzima kwa upande wa hewa. Doa likigeuka jeupe, hewa imeingia na vali imekufa. Povu linalozunguka koni ya wufa (spika ya besi) huoza kwa miaka, kwa hiyo mwombe mwenye mali akuonyeshe kwa karibu. Kwenye Garrard 301, mashine ya santuri iliyotoka Uingereza miaka ya 1950, gurudumu la mpira likikakamaa utasikia mngurumo chini ya muziki.

Na kama unanunua Marekani ili upeleke Dar es Salaam au Mombasa, transfoma itashusha volti kuwa 120, lakini haitabadilisha mzunguko wa umeme kutoka hezi 50 kuwa 60. Mashine ya santuri yenye mota inayofuata mzunguko huo itazunguka mara 27.8 kwa dakika badala ya 33.3. Uliza kabla ya kulipa kama puli (gurudumu dogo la mota) ya hezi 50 inapatikana.