Zipo za kwetu pia

Ndugu yangu, unasema hadithi za ajabu za siku hizi zote ni ngome za Ulaya na vyombo vya anga vya Wamarekani. Hapana. Tafuta riwaya ya The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, iliyotoka 2021. Binti wa Kihadhrami, yaani mwenye asili ya Hadhramaut kule Yemeni, jina lake Aisha, anaingia baharini kumsaka babake mvuvi aliyepotea, ndani ya chombo cha mifupa, akifuatana na paka anayezungumza. Mwaka 2022 ikapata Tuzo ya Ursula K. Le Guin, iliyopewa jina la mwandishi wa Kimarekani wa hadithi za ajabu, tena ndiyo mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa.

Wengi husifu safari ya bahari. Mimi nilichokipenda zaidi ni baada ya kurudi: bibi anataka mjukuu aolewe atulie, kunguru wana siasa zao, na Aisha ameshaonja upana wa dunia. Ni kweli mwendo unapungua hapo, na anayetaka mapambano kila ukurasa atachoka. Lakini mji unakuwa wa ajabu kuliko bahari yenyewe, na hilo si rahisi kuandika.

Kinachoniuma ni kwamba imeandikwa kwa Kiingereza, nami ninatamani sana kuisoma kwa Kiswahili cha Mvita. Ukitaka ya Kiswahili sasa hivi, anza na riwaya ya Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed. Ni ya 2001, si mpya, ila mzimu wake unamkabili mkubwa wa serikali bila kumwonea haya.