Kwa wanaoanza mwaka wa kwanza wa Hisabati: simamia kila mstari unaoandika

Wadogo zangu mnaoingia chuo kusoma Hisabati, kitakachowashangaza kwanza wala si ugumu wa topiki. Ni kwamba hakuna anayewafuatilia. Kidato cha sita kulikuwa na kengele, mwalimu wa zamu na prepo ya usiku. Chuoni mhadhiri anafundisha, anaacha karatasi ya maswali, anaondoka. Usipoyafanya, hakuna wa kukuuliza mpaka siku ya testi.

Hapo ndipo kudesa kunapoanza. Mmoja anasolvu, wengine wananakili. Sisemi msiende diskasheni, diskasheni nzuri inajenga sana. Ila nenda ukiwa umeshajaribu. Anayeingia na karatasi tupu hutoka na karatasi iliyojaa na kichwa kilekile. Kaa na swali peke yako hata nusu saa, kalamu mkononi: andika ulichopewa, andika unachotafutiwa, jaribu kwa namba ndogo. Ukishindwa, angalau utajua ni hatua ipi iliyokukwamisha, na hiyo ndiyo utakayoiuliza kwa wenzako.

Halafu jizoeze kutoandika mstari usioweza kuutetea. Chukua x² = 3x. Wengi hugawanya kwa x pande zote mbili, wanapata x = 3, wanapiga mstari chini. Jibu la x = 0 limepotea, kwa sababu hakuna aliyejiuliza kama x yenyewe inaweza kuwa sifuri. Hamishia yote upande mmoja, upate x(x − 3) = 0, na majibu yote mawili yanaonekana.

Kwenye uthibitisho hali ni hiyohiyo, tena kali zaidi. Mtakutana mapema na ule unaoonyesha kwamba √2 haiandikiki kama sehemu ya namba nzima mbili. Tuseme √2 = p/q, sehemu iliyorahisishwa mpaka mwisho. Basi p² = 2q², kwa hiyo p² ni shufwa, kwa hiyo p ni shufwa. Simama hapo. Kwa nini p ni shufwa? Kwa sababu witiri mara witiri ni witiri. Aliyekariri hukwama papo hapo ukimwuliza. Ukiweka p = 2k unapata q² = 2k², q nayo inakuwa shufwa, na sehemu haikuwa imerahisishwa. Sasa rudia hatua zilezile kwa √4, ambayo tunajua ni 2. Lazima uthibitisho uvunjike mahali fulani. Safari hii unapata q² = k², na hakuna kinachoilazimisha q kuwa shufwa. Kama huwezi kuonyesha unapovunjikia, ule wa √2 bado hujauelewa, hata kama unauandika bila kuangalia daftari.

Msidhani huu ni ukali wa wahadhiri tu. Juni 1993, huko Cambridge, mwanahisabati Andrew Wiles alitangaza kuwa amethibitisha dai la Fermat, kwamba xⁿ + yⁿ = zⁿ haina majibu ya namba nzima chanya n ikizidi 2, dai lililokuwa limekaa zaidi ya miaka 350 bila uthibitisho. Wakaguzi walipoipitia kazi yake wakakuta hatua moja haijasimama, na hiyo moja ikatosha kuizuia kazi nzima. Alirudi mezani, akasaidiana na Richard Taylor, na Septemba 1994 pengo likazibwa. Kwa kweli hakuna mfano ninaoupenda kuliko huo.

Ratiba yangu kwenu ni fupi. Jioni ya siku ya lekcha, funga daftari na uandike upya uthibitisho mmoja wa siku hiyo, kila hatua na sababu yake pembeni. Mahali pasipo na sababu, weka alama ya kuuliza na uipeleke kwenye semina. Testi ikirudishwa, usiangalie maksi ukaikunja. Rudia kila swali ulilokatwa, siku hiyohiyo, na kama hujaelewa ulipokatwa, mfuate mhadhiri ofisini na karatasi yako. Wengi wao hufurahi kumwona mwanafunzi aliyekuja na mstari maalumu wa kuuliza.