Muulize Mwalimu: Tuanze na mfadhili au na kazi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina kijana wa miaka 17 mwenye ulemavu wa akili. Alisoma kwenye kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi, akamaliza, sasa yupo tu nyumbani ananimenyea ndizi. Tuko akina mama sita wenye watoto wa aina hiyo. Tunatamani kituo cha kazi za mikono za watu wenye ulemavu, kama Neema Crafts ya huko Iringa, ila kila tunayemwuliza anatuambia tutafute kwanza mfadhili na kiwanja. Wale walianzaje? Na watoto wetu, ambao shida yao ni ya akili, wataziweza kazi? (Mama wa kijana, Tukuyu)

JIBU: Marahaba mwanangu, kamwene.

Anayekuambia uanze na kiwanja hajui wenzetu walivyoanza. Mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, msanii Mwingereza aitwaye Susie Hart alianza na vijana watatu, wote viziwi. Kazi yao ilikuwa kutengeneza karatasi kwa mavi ya tembo. Cheka tu, wengi walicheka. Tembo hula karibu kutwa nzima, lakini tumbo lake halisagi hata nusu ya anachokula, kwa hiyo nyuzi za majani na magome hutoka karibu zilivyoingia. Mavi huoshwa, huchemshwa, hupondwa mpaka yawe uji, kisha uji huo hutandazwa kwenye wavu na kuanikwa. Mtalii anayetoka Hifadhi ya Ruaha akiishika karatasi hiyo haiachi, hasa akishaambiwa imetokana na nini.

Kazi ikauzika, watu wakaongezeka: wafumaji, washonaji, watengeneza shanga za chupa zilizotupwa, hadi wakapita mia. Ukafunguliwa mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Mteja anaandika anachotaka kwenye karatasi. (Kahawa ni nzuri. Bei yake si ya pensheni ya mwalimu.)

Sasa kijana wako. Kiziwi akiona kazi mara moja ameielewa. Wako atahitaji kazi ikatwe vipande, naye apewe kipande kimoja, kwa mpangilio uleule kila siku, mpaka mikono izoee. Nimefundisha kitengo miaka mingi na sijaona njia nyingine. Nyie mko Rungwe, kila mtu anataka miche ya parachichi. Jazeni viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche. Mmoja achekeche udongo, mwingine achanganye samadi, wa tatu ajaze, wa nne apange. Asiyejua kuhesabu mtengenezeeni kreti ya mbao inayoingia viriba ishirini tu: ikijaa, amemaliza. Nawe angalia anachokipenda, maana kuna kijana atakayechekecha kutwa bila kuchoka, ukimhamishia kwenye kujaza anakaa chini analia.

Mbona shule haikumfikisha huko? Kwa sababu watoto hawa walikumbukwa mwisho. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza 1950. Ya viziwi Tabora, 1963. Wenye ulemavu wa akili walisubiri mpaka miaka ya 1980. Na walipopewa darasa, hesabu ikaishia kwenye kumaliza shule ya msingi, kana kwamba mtoto huyo hatakua.

Hata Ulaya mlango huu ulisukumwa na wazazi. Mwaka 1946 mama mmoja wa Uingereza, Judy Fryd, ambaye binti yake alikuwa na ulemavu kama huo, aliandika barua kwenye jarida la malezi akiwaomba wazazi wenzake wamwandikie. Wakamwandikia kwa wingi, wakaunda chama chao, na leo chama hicho ndicho Mencap, shirika kubwa la huko. Yeye alianza na barua na stempu. Nyie mko sita tayari.

Kuhusu fedha: andikisheni kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Nendeni mkiwa mmeshauza miche, hata kidogo, na daftari la mauzo mkononi. Akina mama sita wenye daftari husikilizwa kuliko wenye ramani ya jengo.

Mkitaka kuona kwa macho, njooni Iringa. Mkishuka stendi ya Igumbilo pandeni daladala ya mjini, mwulizeni kondakta Neema Crafts. Ila mje na vijana wenyewe. Wakati nyie mnauliza bei na mahesabu, waacheni wao wasimame karibu na meza za kazi, na mwangalie nani ananyoosha mkono kushika kitu.