Jibu: Picha za watoto ndani ya nyumba zinatoka na ukungu
Ndugu, umeuliza kama ununue kamera mpya kwa sababu watoto wakicheza sebuleni picha zinatoka na ukungu. Usinunue kwanza. Fungua taarifa za picha hizo uangalie kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hubaki wazi kupokea mwanga. Nakisia ni 1/30 ya sekunde, au hata chini ya hapo. Mtoto anayekimbia hakusubiri muda wote huo!

Weka kamera kwenye S (nyingine huandikwa Tv), ambapo kasi ya shata unaipanga mwenyewe, chagua 1/250, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) uiruhusu ipande hadi 3200. Lenzi itajifungua yenyewe kadiri ya uwezo wake. Chengachenga (vidoadoa kwenye picha) utaziona, sikufichi, lakini hizo hupunguzwa baadaye kwenye kompyuta. Picha iliyotikisika haina dawa. Mimi nilichelewa sana kulielewa hili, nikawa nailaumu lenzi bure.

Ukiwa na lenzi inayofika f/1.8, itumie hiyo (namba ya f ikipungua, tundu la lenzi huwa kubwa zaidi). Kutoka f/2.8 hadi f/2 tu, mwanga unaoingia huongezeka maradufu.

Halafu wahamishie mchezo karibu na dirisha, na taa uzime, maana mwanga wa aina mbili huvuruga rangi ya ngozi. Ukijaribu, tuwekee picha moja hapa tuione.