Jibu: Java ya Kisumu na Python ya Nakuru zitaelewana vipi?

Ndugu, umeuliza kama ni lazima uandike upya programu ya stoo ya Kisumu, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Java, ili iongee na ya uhasibu kule Nakuru, iliyo kwa lugha nyingine, Python. Hapana, usiiguse. Kinachotakiwa ni ujumbe ambao pande zote mbili zinaweza kuusoma. CORBA, kanuni za kuunganisha programu za lugha tofauti, ilitoka 1991 kwa kazi hii hii, ila ni mzigo kwa duka lako. Tuma JSON (data iliyopangwa kama maandishi ambayo lugha zote mbili husoma) kupitia HTTP, njia ile ile inayoleta kurasa za wavuti, yatosha.

Kitakachokusumbua ni mtandao. Nilifunga mfumo kama huo kwa duka moja karibu na soko la Kibuye. Stima ikapotea baada ya ankara kufika upande wa pili, kabla jibu halijarudi. Kompyuta ilipowaka ikaituma tena, na mnunuzi akadaiwa magunia 40 ya sukari mara mbili. Iliniuma sana. Tangu hapo kila ujumbe naupa namba yake ya pekee. Mpokeaji akiiona tena anajibu "nimeshapokea" bila kuandika chochote. Mtumaji naye aweke ujumbe kwenye foleni inayohifadhiwa kwenye diski, mpaka apate jibu hilo.

Pesa zitume kwa senti, namba kamili: shilingi 1,250.50 iwe 125050. Kwa desimali za kawaida, Java na Python zote zikijumlisha 0.1 na 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Na tafadhali sana, usiruhusu programu moja kuandika moja kwa moja ndani ya hifadhidata ya mwenzake.