Mnaoanza kusoma habari za Veda, msikimbilie chuma

Jamani mnaoanza, mimi mwaka wa kwanza niliandika insha nzima kwamba watu wa Veda, yaani waliotunga Veda, nyimbo na mafundisho matakatifu ya kale ya India, walisambaa kaskazini mwa India sababu ya mashoka ya chuma, niliona neno ayas kwenye Rigveda, Veda ya zamani kuliko zote, nikalitafsiri chuma nikaenda nalo hivyohivyo, karatasi ikarudi imejaa wino mwekundu. Kumbe ayas ya Rigveda ni shaba au madini tu kwa jumla, chuma kinatokea baadaye kwenye Atharvaveda, Veda nyingine, na wanakiita madini meusi. Kwa hiyo ukikutana na neno uliza kwanza ni la maandishi ya kipindi gani.

Mwanzoni kilichowabeba ni farasi na ratha, kigari chepesi cha magurudumu mawili yenye spoki. Ushahidi mtamu uko mbali kabisa na India, kwa Wamitanni, dola ya kale huko Syria, mkataba wao na Wahiti, dola jirani ya Uturuki ya leo, wa karne ya 14 KK unaapa kwa Mitra, Varuna na Indra, miungu ileile ya Veda, na mfundisha farasi wao Kikkuli anahesabu mizunguko aika, tera, panza, moja, tatu, tano, karibu Sanskrit ileile, lugha ya Veda. Yaani ujuzi wa farasi ulitembea na maneno yake.

Baadaye walipoingia bonde la mto Ganges ndo kuna ubishi, msitu waliufyeka kwa kitu gani. Mwanahistoria R. S. Sharma alishikilia shoka na plau ya chuma, wengine wakamjibu vyuma vingi vya mwanzo vilivyochimbuliwa ni vichwa vya mikuki na mishale, na msitu unachomeka. Shatapatha Brahmana, matini ya baadaye ya kufafanua ibada za Veda, yenyewe inasimulia Agni, moto, akichoma nchi kwenda mashariki mpaka mto Sadanira. Mimi naegemea moto, ila someni pande zote.

Sasa kitu mnachokiruka wengi ni mdomo, yaani kurithishana kwa kukariri. Nyimbo 1028 za Rigveda zilikaa kichwani karne na karne bila kuandikwa, na hiyo ni teknolojia kabisa, haihitaji ng'ombe wala mkokoteni, mwalimu mmoja akihama kahama na maktaba yote. Walikuwa na mbinu za kukagua makosa, mfano jata, maneno mawili yanasomwa mbele, nyuma, mbele tena, kisha unasogea neno moja. Jaribu na mstari wa kwanza kabisa, kwa sauti: agnim ile, ile agnim, agnim ile, halafu ile purohitam, purohitam ile, ile purohitam. Ukiruka neno ulimi wenyewe unakwama.