Mdogo wangu wa Masasi, acha kukariri TFII. Iharibu promota uone

Mwanafunzi wa kidato cha sita kutoka Masasi ameniandikia kwamba anazijua TFIIA mpaka TFIIH (protini zinazosaidia kuanzisha usomaji wa jeni kwenye seli kama zetu) kwa mpangilio, ila swali la operoni ya lac (kundi la jeni za bakteria za kutumia sukari ya laktosi) likigeuzwa kidogo tu anakwama. Ujumbe huo umeniuma, kwa sababu mtoto huyo si mvivu. Amefundishwa kutaja majina ya vipande, hajazoeshwa kuuliza: nikitoa hiki, nini kitasimama?

Mdogo wangu, anza na bakteria, E. coli. Chukua karatasi ya manila uandike TTGACA, acha nafasi ya herufi 17, andika TATAAT, acha herufi kama 7, halafu weka alama ya +1, pale RNA inapoanzia. Hiyo ndiyo promota, mahali unakili wa jeni, yaani kutunga RNA kutoka kwenye DNA, unapoanzishwa. Polimerasi ya RNA, kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, ikiwa peke yake hushika DNA popote pale. Protini msaidizi yake, sigma 70, ndiyo inayoitambulisha visanduku viwili, TTGACA na TATAAT. Ikishatua, DNA bado imefungwa. Nyuzi huanza kuachana hapo kwenye TATAAT, mpaka herufi 12 hadi 14 zikae wazi. Kisha polimerasi huanza kutunga RNA, na mara nyingi huachia vipande vifupi, chini ya herufi 10, kabla haijafanikiwa kuondoka kwenye promota. Usiiruke hatua hii. Jeni inaweza kushikwa vizuri na polimerasi na bado ikatoa RNA kidogo.

Sasa haribu. Futa herufi 2 katikati, zibaki 15. Visanduku vyote viwili viko salama, lakini unakili unaporomoka. Kwa nini? DNA hukamilisha mzunguko mmoja kila herufi 10.5 hivi. Ukitoa 2, kisanduku kimoja kinakuwa kimegeuka karibu digrii 70 kutoka kwa mwenzake, na umbali nao umepungua. Sigma haiwezi tena kuvishika vyote kwa pamoja sawasawa. Ukilielewa hili, hutakariri tena ile 17.

Tuje kwenye lac, na hapa nakuomba utulie. Promota yake ni TTTACA, herufi 18, TATGTT. Ilinganishe na ya kwenye manila: kisanduku cha kwanza kina herufi moja tofauti, cha pili mbili, na nafasi ya kati imezidi kwa moja. Ni promota dhaifu, na udhaifu huo una kazi yake. Laktosi ikiingia, sehemu yake hugeuzwa kuwa alolaktosi, ambayo humfanya mzuiaji LacI, protini inayoziba njia ya polimerasi, aiachie DNA. Wengi huishia hapo, wanaandika kwamba jeni imewaka. Haijawaka sawasawa! Polimerasi bado inahitaji protini CRP iivute itue, na CRP hutua vizuri ikiwa imeshikana na cAMP, molekuli ndogo ya ishara, ambayo hupungua glukosi ikiwepo. Hiyo ni sababu mojawapo inayomfanya bakteria mwenye glukosi na laktosi kwa pamoja atoe kimeng'enya cha kuvunja laktosi kidogo tu. Ushahidi ni badiliko liitwalo UV5: TATGTT ikiwa TATAAT, promota hupata nguvu na karibu haiihitaji tena CRP. Wanasayansi Jacob na Monod waliieleza operoni mwaka 1961; wewe una manila na kalamu, ifuate njia hiyo herufi kwa herufi.

Kwenye seli za binadamu vipande ni vingi zaidi, ila maswali hayabadiliki. DNA imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, herufi 147 kwa kila fundo (nukleosomu), kwa hiyo mara nyingi nafasi lazima ifunguliwe kwanza. TFIID huitambua promota (na promota nyingi za binadamu hazina kabisa kisanduku cha TATA, usidanganyike), kisha TFIIH hutumia ATP kufungua nyuzi na kuweka fosfeti kwenye mkia wa polimerasi II, ile inayonakili jeni za protini. Kwenye jeni nyingi polimerasi husimama tena baada ya herufi 20 hadi 60, ikisubiri protini nyingine, P-TEFb, iiruhusu iendelee.

Kama unataka mfano wa kufanyia mazoezi, uko kwenye damu zetu. Malaria inayotusumbua Lindi na Mtwara ni hasa ya kimelea cha falciparum, si cha aina nyingine iitwayo vivax. Vimelea vya vivax huingia kwenye chembe nyekundu hasa kwa kutumia protini ya Duffy, na kwa Waafrika wengi herufi moja ya promota ya jeni hiyo imebadilika, T imekuwa C, pale pale anapotua GATA-1, protini inayowasha jeni kwenye chembe nyekundu. Chembe nyekundu zinakosa protini hiyo, na vivax hushindwa kuingia kwa urahisi. Lakini seli za ndani ya mishipa midogo ya damu zinaendelea kuitengeneza, maana unakili wa huko haumtegemei GATA-1. Ukiulizwa kama jeni imeharibika, jibu kwamba sehemu inayobeba maelezo ya protini ni nzima, na kilichopotea ni mahali pa GATA-1 kutua.